Do ya Mama Nekesa

Nekesa alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Thamesmead, London, nakaanga vitunguu, akaniambia, "Auntie, Mama ametuacha." Nikazima jiko. Kilichonishtua kwanza, Mungu anisamehe, hakikuwa kifo. Mama Nekesa alikuwa ameugua muda mrefu, na wiki mbili kabla tulikuwa tumeagana vizuri, tukacheka hadi muuguzi akachungulia. Kilichonishtua kilikuwa Kiswahili. Namjua Nekesa tangu ana miaka tisa, sasa ni mama wa watoto wawili, na siku zote hizo nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili kwangu ilikuwa hiyo, na nilisikia wazi kwamba ameifanyia mazoezi kabla ya kushika simu. Kisha akarudi kwenye Kiingereza chake. Kwaya ya kanisa itaimba, mama ameacha maagizo, wanauliza kama nitakuja. Nikamwambia swali gani hilo. Nikakaa kwenye kiti nikalia, vitunguu vikapoa kwenye kikaango.

Mimi ni soprano, mwimbaji wa sauti ya juu. Sisemi nilikuwa, ingawa siku hizi nafundisha zaidi ya ninavyoimba. Nimeimba katika majumba ya opera yenye viti vya velveti na wasikilizaji wanaokohoa kwa adabu. Nimekufa jukwaani mara nyingi, kwa kifua kikuu, kwa kisu, kwa sumu, na mara moja kwa kujirusha kutoka ukutani nikaangukia godoro lililowekwa upande usio wake, nikaja kupokea makofi huku nachechemea. Sina unyenyekevu wa uongo: nilikuwa mzuri, na kuna jioni ambazo nilikuwa mzuri sana. Waandishi wa magazeti wakiniuliza nilianzaje, huwa nawapa hadithi fupi ya binti wa Machame na kwaya ya Kilutheri, kwa sababu ndiyo wanayoitaka. Hadithi ya kweli ni ya mwaka mmoja, na ilitokea jikoni Tottenham. Nilikuwa naionea haya kidogo. Sasa sioni haya tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepata nafasi katika chuo cha muziki ambacho sitakitaja, kwa kuwa bado kipo na bado wananialika chakula cha mchana. Nafasi yenyewe ilikuwa ya majaribio, mwaka mmoja, kisha waamue. Mchungaji mmoja alinielekeza kwa Mama Nekesa, aliyekuwa na chumba cha kupangisha katika flati za council, yaani za halmashauri, ghorofa ya tatu. Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha lisilofunguka, na kabati lililojaa makoti ya wapangaji waliokwisha kurudi kwao. Maisha yote yalikuwa jikoni. Palikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha michoro ya malimau, viti vitatu visivyofanana, na sufuria ya chai ya maziwa ambayo sikuwahi kuikuta imepoa. Mama Nekesa alikuwa Mkenya wa Bungoma, mpana, mwenye miguu inayovimba, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wakazi wa nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Alirudi saa mbili asubuhi, akavua viatu mlangoni, akasonga ugali. Mimi bado nilikuwa na ladha ya dawa ya meno mdomoni, na yeye anakula chakula chake cha jioni, sukuma wiki na omena, dagaa wa kwao, alizotumiwa kutoka nyumbani, harufu ikishika mpaka madaftari yangu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akabaki ananitazama na mwiko mkononi, akauliza sasa hiyo ataitikia aje, maana wao waliisoma kwa kitabu tu. Nikamfundisha marahaba. Ikamkolea, akawa ananiitikia marahaba hata nikimuaga.

Sasa siri yangu. Nilikuwa nimeingia chuo cha muziki bila kujua kusoma muziki wao. Waliopitia kwaya za makanisa yetu watanielewa upesi. Kwetu wimbo unaandikwa kwa herufi, d, r, m, f, s, l, t, yaani Do, Re, Mi, Fa, So, La, Ti, zikitenganishwa kwa nukta na vistari, safu nne kwa sauti nne. Na Do, noti ya kwanza, haina makao ya kudumu kwenye kinanda. Do ni pale mwalimu wa kwaya anapoiweka siku hiyo, kwa kuangalia baridi, na wingi wa tenor, na kama besi wamekuja. Akishaitoa, kila mtu anapanda kutafuta noti yake kutoka hapo, alto kwenye Mi yao, soprano kwenye So yao. London walisoma mistari mitano yenye vitone. Vitone nilivijua, lakini kwa kuhesabu mstari mmoja mmoja kwa ncha ya penseli, nikisogeza midomo. Kwenye usaili niliimba kwa kichwa, wimbo wa taratibu wa sauti ya chini, wakaupenda. Hakuna aliyeniuliza kama najua kusoma. Nani anamuuliza mpishi kama ameshawahi kuona moto?

Sauti ya chini nayo ina kisa chake. Nilikuwa alto tangu miaka kumi na mitano kwa sababu ya kijinga kabisa. Dada mmoja wa safu ya alto aliolewa akahamia Arusha, akaacha pengo kwenye benchi, na mwalimu wetu akanitazama urefu wangu akasema nitaziba vizuri. Sikupimwa sauti. Nilikaa kwenye benchi nikaliamini, na chuo nacho kikaandika kile nilichowaletea.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na aliyeijua yangu alikuwa Mama Nekesa. Alinikuta asubuhi ya wiki ya pili nimeinamia ukurasa, penseli mkononi, akauliza kama nahesabu maharagwe. Nikamweleza, nikitegemea anihurumie. Alicheka. Vitone hakuvijua hata kidogo, lakini herufi za kwaya alikuwa anaziandika kwa kasi ya mtu anayeandika jina lake, maana alikuwa alto wa miaka mingi, kwanza kwao Bungoma, kisha hapa, katika kwaya iliyokuwa ikikutana Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kukodi. Basi tukagawana kazi. Mimi nilihesabu vitone na kutaja, yeye akaandika kwenye daftari la hesabu la Nekesa, lenye vyumba vyumba, herufi moja kila chumba. Tukimaliza alisafisha koo na kutoa Do. Aliitoa kichwani, bila kinanda, na Do yake ilikuwa chini karibu na sakafu, kwa sababu alikuwa alto na alikuwa ametoka kazini. Hivyo nyimbo za malkia na za miungu wa kale nilijifunza zote katika kimo cha mwanamke aliyechoka. Darasani kinanda kilinipeleka kilipotaka, mimi nikafuata. Walimu wakasema nina kumbukumbu ya ajabu. Ningewezaje kuwakatalia?

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wangu wa tatu chuoni, mwalimu wangu wa kuimba, Bibi Hester, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani kwenye mnyororo, aliweka mbele yangu ukurasa ambao sijawahi kuuona akasema niimbe. Nikasema koo linauma. Akasema basi nitaje noti tu, bila kuimba. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, na akakiona kidole. Hakunikemea. Alifunga kifuniko cha kinanda polepole, na nadhani ningependelea kukemewa. Barua ilikuja wiki ileile. Nitapewa wimbo mmoja nikae nao siku tatu, bila mwalimu na bila kinanda, kisha nisimame mbele ya watu watatu niuimbe peke yangu, bila chombo. Nikishindwa, nafasi inaisha na muhula huo, na nafasi ikiisha, kibali changu cha kukaa Uingereza kinaisha nacho. Bibi Hester aliniambia kwenye korido, kwa sauti ya chini, kwamba nina sauti nzuri, lakini wenye sauti nzuri wanaojua kusoma ni wengi.

Barua ilikataza mwalimu na kinanda. Mama Nekesa haikumkataza. Alibadilishana zamu na mwenzake, akapika nyama, jambo ambalo katikati ya wiki halikuwahi kutokea, na akafuta ile plastiki ya malimau kama anaandaa ibada. Wimbo ulikuwa ukurasa mmoja wa Kiitaliano, ulianza na So, ukazunguka zunguka, na mstari wa mwisho ukapanda hadi Fa ya juu kabla ya kushuka. Siku tatu tuliuimba chini kule kwenye Do yake, hadi Nekesa akawa anaupiga mluzi akienda shule. Asubuhi ya mtihani Mama Nekesa alinifunga kifungo cha juu cha blauzi na kunipa maagizo ya mwisho.

"Sasa skia. Hao watakupea sauti moja tu. Ile ya kwanza ukiiskia, hiyo ndio Do. Shika hiyo kabisa. Hata nyumba ianguke, usiachilie."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumpa sauti nyingine ya kuanzia isipokuwa Do, si Bungoma si Tottenham. Mimi vilevile. Ningemwambia nini?

Chumba cha mtihani kilikuwa na zulia nene linalomeza sauti, na meza ndefu. Nyuma yake walikaa Bibi Hester, mkuu wa idara, na mzee mmoja wa Wales aliyeitwa Emrys, ambaye alikuwa anasoma kitu kingine kabisa. Mtu wa kinanda alibonyeza noti moja, mara moja. Nikainamisha kichwa, nikaipokea, nikaifanya Do, nikapanda kutoka hapo hadi So yangu, nikaanza.

Anayejua muziki ameshashika kichwa. Asiyejua nimweleze. Kwao mtu hupewa noti anayoanzia. Wimbo ulianza na So, kwa hiyo walichonipa kilikuwa So. Walinisimamisha kwenye ngazi ya tano, mimi nikadhani ndiyo ya kwanza, nikahesabu tano nyingine kwenda juu. Wimbo mzima ukahama nami, ukaenda kukaa mahali ambapo sikuwahi kuweka sauti yangu hata bafuni.

Kufika mstari wa pili nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nikajiambia kumbe Do ya Wazungu iko juu namna hii. Kuacha sikufikiria hata mara moja, kwa sababu kwenye kwaya anayeacha katikati anaiangusha safu nzima, na nilikuwa nimeambiwa nishike. Kisha nikauona mstari wa mwisho unakuja. Ile Fa ilikuwa imekaa peke yake juu ya karatasi, na kutoka hapo nilipokuwa ilikuwa mbali mno. Niliogopa. Nikavuta pumzi kama tulivyokuwa tukivuta Machame kabla ya haleluya ya mwisho, nikaenda. Na ikafunguka. Sauti ilitoka bila kusukumwa, pana, nyepesi, na haikuwa na maumivu yoyote. Miaka minane nilikuwa nimeishi chumba cha chini cha nyumba yangu mwenyewe nikidhani nyumba inaishia pale. Niliishika ile noti kupita ilivyoandikwa, kwa sababu sikutaka kushuka. Mbele ya watu watatu walioshika maisha yangu mkononi, nilikuwa na furaha tupu, na nina hakika ilionekana.

Nilipomaliza niliwatazama. Bibi Hester alikuwa mwekundu hadi shingoni. Mkuu wa idara akaniuliza, kwa upole wa mtu anayejizuia, kama nimeamua kuwafanyia mzaha. Sikuelewa anachosema. Ndipo yule mzee Emrys alipoweka karatasi zake chini.

"Binti," akasema, "Do yako umeichukua wapi?"

Nikaonyesha kinanda. "Hapo. Mliponipa."

Akavua miwani, akaanza kucheka, akafuta macho kwa kitambaa, akacheka tena. Kisha akawaeleza wenzake. Kwao Wales, katika makanisa ya bondeni walikokuwa wakiishi wachimba makaa, bibi yake aliimba maisha yake yote kwa herufi hizohizo, na bibi yake naye angekosea vivyo hivyo. "Tumempa noti ya kuanzia, yeye amepokea Do," akasema. "Hakuna noti hata moja aliyokosea. Ameuimba wote sawasawa, ghorofa moja juu ya sisi tulipo." Kisha akamgeukia Bibi Hester akamuuliza ni nani aliyemwandika huyu sauti ya chini. Nikaambiwa nitoke nje, wataandika barua.

Nilimsimulia Mama Nekesa yote siku hiyohiyo, nikicheka, nikifikiri na yeye atacheka. Alikaa kitini na viatu vyake mkononi. Akauliza mara mbili kama nina hakika kwamba kule wanatoa noti ya kuanzia. Nikasema ndiyo, na mzee alisema sikukosea. Akasema mzee mmoja si watu watatu. Barua ilichukua siku sita, na siku sita hizo hakuimba hata wimbo wa kuosha vyombo. Siku ya tano nilikuwa chumbani, mlango uko wazi kidogo, nikamsikia kwenye simu na mwenzake wa kwaya. Hakujua kuwa nimerudi. "Ni mimi," alikuwa anasema. "Ni mimi nilimwambia ashike ile ya kwanza. Wakimrudisha kwao, ujue si wao, ni mimi nimemrudisha." Nilitaka kutoka nimkumbatie, nikashindwa. Niliona aibu kwa ajili yake, na niliogopa kwamba anasema kweli. Nilikaa kitandani nikitazama kabati la makoti ya watu waliorudi kwao.

Barua ilisema nimefaulu. Ilisema pia kwamba nitakuwa nakwenda kwa mzee Emrys kila asubuhi kufundishwa mistari mitano kuanzia mwanzo kabisa, na kwamba kuanzia wiki hiyo natolewa kwenye sauti za chini, nitafundishwa kama soprano. Mama Nekesa alinifanya niisome mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Akalia kwa sauti. Akaniambia alikuwa ameshaamua kwamba wakinifukuza atakwenda chuoni mwenyewe kuwaambia kosa ni lake. "Hata uniform nilikuwa nimepiga pasi," akasema. Na kweli, ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, imenyooka kuliko siku yoyote ya kazi.

Mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa saba, niliimba kwenye tamasha la chuo, wimbo mmoja, gauni la kuazima, soprano. Nilikwenda juu kama mtu anayerudi kwake. Waliinuka kunipigia makofi, na wa kwanza kuinuka alikuwa mzee Emrys. Mama Nekesa alikuwa safu ya pili, koti limefungwa hadi shingoni kuficha sare ya kazi, Nekesa pembeni yake. Baadaye watu walinizunguka wakisema maneno mazuri niliyoyasahau yote. Yeye alisubiri wapungue. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Umeimba vizuri," akasema. "Umeenda juu mpaka nikaogopa. Lakini alto imepoteza mtu."

Aliniambia hivyohivyo maisha yake yote. Nikimpigia simu kutoka mji wowote, baada ya onyesho lolote, hata lile ambalo watu waliliongelea mwaka mzima, alisikiliza hadi mwisho, akanipongeza, akaniambia alto imepoteza mtu. Nilikuwa naona ni utani wake tu.

Jumamosi iliyopita tulimzika. Kanisa la Tottenham lilijaa hadi watu wakasimama ngazini. Nilikuwa nimewekewa kiti mbele, pamoja na wageni wakubwa, na kwenye ratiba jina langu limeandikwa na neno soprano mbele yake. Mwalimu wa kwaya, kijana wa Mbeya, alisoma maagizo ya marehemu: kinanda kisipigwe, kwa sababu kinanda kinafunika alto. Watu wakacheka, hata mchungaji. Nikageuka kuitazama kwaya. Katika safu ya alto palikuwa na kiti kitupu, juu yake leso yake na faili lake la nyimbo. Pembeni ya kiti hicho alikuwa Nekesa, ambaye hajawahi kuimba kwaya, amesimama na karatasi iliyopinduliwa kichwa chini.

Niliinuka kwenye kiti changu cha mbele, nikapita kati ya watu, nikaliweka lile faili magotini, nikakaa. Yule kijana akanitazama, akauliza kwa heshima, "Mama, utatupa Do?"

Nimepewa noti na waongoza okestra wakubwa, na ningeweza kuiweka Do popote. Niliishusha hadi chini karibu na sakafu, nikaitoa hapo. Masoprano wakageuka kunitazama. Nekesa akaninong'oneza, kwa Kiingereza, kwamba iko chini sana, Auntie. Nikamwambia ni ya mama yake. Akafikiri kidogo, akaigeuza karatasi sawasawa. Kisha alto tukapanda hadi Mi, na safu ilikuwa imejaa.